Jogoo juu ya ngazi: kukisoma kibandiko cha kitabu kilichochongwa kwenye mbao

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua kitabu cha zamani cha mashairi ya Kijerumani. Ndani ya jalada la mbele kimebandikwa kijikaratasi kisichozidi kiganja, chenye picha nyeusi ya jogoo amesimama juu ya ngazi. Ngazi imeegemezwa kwenye mrundo wa vitabu, na nyuma yake kuna mwezi. Juu pameandikwa EX LIBRIS, chini kuna jina. Rafiki yangu anayefuatilia sanaa ananiambia huo ni mchongo wa mbao, kwamba jogoo ni ufufuo, ngazi ni kupanda kielimu, na mwezi ni mauti. Nitajuaje kama kweli ni mbao? Hizo maana ni sahihi? Na je, nikibandue nikitie kwenye fremu? Nimeambatanisha picha.*

Marahaba. Picha nimeipata, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba chako: kimefunika jina lote la mwenye kitabu, imebaki herufi moja tu ya mwanzo, H. Usijali, kidole hicho kitatufaa huko mbele. Swali la fremu nalijibu papa hapa, usije ukashika kisu usiku huu: usikibandue. Sababu zake nitazisema mwishoni. Hayo mengine mawili yanataka nafasi, kwa kuwa rafiki yako amepatia nusu, na nusu aliyoikosa ndiyo wanayoikosa wengi.

Yeye ameanza na alama. Kamwona jogoo, mbio kwenye ufufuo. Kauona mwezi, mbio kwenye mauti. Mimi nisingeanzia huko. Ningeanza na ubao wenyewe, kwa sababu jibu la "jogoo anamaanisha nini" linategemea jogoo huyo alifikaje kwenye karatasi, na kama alifika pamoja na lile jina au kila mmoja alikuja kivyake.

Tuangalie kwanza jinsi mstari mmoja mweusi unavyozaliwa. Mwenye kalamu anaupiga mara moja, basi. Mchongaji wa mbao hauchongi mstari. Anachonga kila kisichokuwa mstari. Ubao umepigwa randa ukalainika, mchoro umeshawekwa juu yake. Kisu kinapita ubavuni mwa mstari kikiwa kimeinamishwa, ili mstari ubaki mpana chini kuliko juu, kama tuta la shamba. Kinapita tena pembeni kidogo kikiinamia upande wa pili, na kipande chembamba cha mbao kinachomoka kikiacha mfereji. Unageuza ubao, unafanya vivyo hivyo ubavu wa pili. Kisu kimepita mara nne, na umepata mstari mmoja. Sehemu kubwa zinazotakiwa kubaki nyeupe huondolewa baadaye kwa bobari, ile patasi yenye mdomo wa mviringo. Kisha rola ya wino inapitishwa juu, nayo inagusa kile tu kilichobaki kimesimama.

Kwa hiyo mchongo wa mbao hauna porojo. Kila mstari umelipiwa mara nne, na hakuna anayelipa mara nne kwa kitu asichokihitaji. Ukiona mchongaji ameacha manyoya ya mkia wa jogoo yawe matano makubwa badala ya hamsini madogo, si kwamba hakujua kuchora. Amechagua. Uchaguzi huo ndio wa kusoma kwanza kabla ya alama yoyote.

Kibandiko changu mwenyewe cha kwanza kilinifundisha jambo jingine. Nilichonga ndege, akatoka vizuri. Nikachonga majani, yakatoka vizuri. Nikachonga na jina langu kwa herufi nilizojivunia, nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko, nikafunua. Jina lilisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Nilikuwa nimesahau kwamba ubao na karatasi hutazamana kama mtu na kioo. Nilicheka, lakini si siku ile. Tangu hapo, nikikuta kibandiko cha zamani chenye N au S iliyogeuka namwonea huruma aliyekichonga, maana najua alikuwa ameshamaliza kila kitu kingine.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, kile cha mara kumi kinatosha, ukae dirishani. Kibandiko kimegandishwa, kwa hiyo hatuwezi kupapasa mgongo wake kutafuta alama ya kukandamizwa. Acha mwanga uje kwa ubavu, karibu sambamba na karatasi. Angalia ukingo wa maumbo meusi. Ubao wenye wino unapokandamizwa, wino husukumwa pembeni, ukaacha mzunguko mweusi zaidi kwenye ukingo na weusi hafifu kidogo katikati. Ukiona hivyo, hiyo ni chapa ya kitu kilichosimama. Ukiona badala yake vidotidoti vilivyopangika kama wavu, picha imepitia kamera na kiwanda, na hadithi ya mbao imekwisha.

Lakini ukingo wa wino pekee hautoshi, na hapa ndipo wauzaji wengi wa vitabu vikuukuu wanapoteleza, wengine kwa bahati mbaya, wengine kwa makusudi. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa rahisi kuchukua mchoro wa kalamu, kuupiga picha juu ya bamba la zinki, na kulila bamba kwa tindikali mpaka mistari ibaki imesimama. Bamba hilo nalo huchapa kwa kukandamiza, na ukingo wa wino huacha vilevile. Wapo mafundi wakubwa walioitumia njia hiyo. Rockwell Kent wa Marekani, aliyefariki 1971, alichonga mbao kwa ustadi wa hali ya juu, lakini alichora pia kwa kalamu na wino vitu ambavyo ungeapa vimetoka kwenye mbao. Baadhi ya vibandiko vyake vinavyouzwa kama michongo ni michoro ya kalamu iliyopitia bamba. Si aibu kwake. Ni aibu kwa anayekuuzia bila kuangalia.

Kinachowatenganisha ni kivuli. Mchora kalamu akitaka kivuli, anapiga mistari ya kwenda huku, kisha anapiga mingine juu yake ikiikata. Sekunde tano. Kwa mchonga mbao, mistari miwili myeusi inayokatana ni adhabu: kila kitundu cheupe kilichobaki katikati, chenye umbo la almasi na kidogo kuliko punje ya ulezi, lazima kichimbuliwe peke yake bila kuvunja kuta zake nne. Kwa hiyo ukikuta mistari inakatanakatana ovyo kila mahali, bila shida, bila kuhesabu gharama, hapo pana kalamu. Kwenye picha yako, kivuli kilicho chini ya tumbo la jogoo ni cha mistari saba au minane, yote inaelekea upande mmoja, na kila mmoja unaishia kwa ncha kali kama kabari. Huyo ni kisu.

Halafu lipo anga. Nyuma ya mwezi umeniletea weusi mpana, na kwenye weusi huo nimeona michirizi hafifu ya mlalo, inayoingia nyuma ya jogoo na kutokea upande wake wa pili kwenye usawa uleule. Hizo ni nyuzi za mbao. Sehemu laini za ubao zimenyonya, zikachakaa kidogo, na wino haukuzishika sawasawa na sehemu ngumu. Wako wachongaji wanaoupiga ubao brashi ya waya makusudi ili nyuzi zionekane, na anga lao linakuwa na upepo bila wao kuchonga upepo. Kwa hilo niko tayari kusema: kibandiko chako kimechapwa kutoka kwenye ubao uliopasuliwa kwa urefu wa gogo, na rafiki yako kwenye hili amepatia.

Nimesema "kwa urefu wa gogo" kwa sababu kuna jamii ya pili. Ukikata gogo kukingama, kama unavyokata kipande cha muwa, unapata uso ambao nyuzi zake zimesimama wima, hazilali. Uso huo hauna upande wa kwenda na upande wa kukataa. Kisu hakifai hapo. Hutumika kijichuma chenye ncha, kinachosukumwa kwa kiganja, na kila kinapopita kinaacha mstari mweupe ndani ya weusi. Mti unaopendwa ni ule uitwao Buxus kwa Kilatini, mgumu, unaokua polepole sana, na shina lake jembamba. Thomas Bewick wa Newcastle, aliyeishi 1753 hadi 1828, ndiye aliyeionyesha Ulaya kwamba kwenye kipande kama hicho unaweza kuchonga unyoya wa ndege ukauona ulaini wake. Wembamba wa shina ulilazimisha vipande vidogo, na kibandiko cha kitabu ni kitu kidogo, kwa hiyo ndoa hiyo haikuhitaji mshenga. Vladimir Favorsky wa Urusi na Eric Gill wa Uingereza, katika karne ya 20, walichonga vibandiko vya namna hii ambavyo bila kioo cha kukuzia unaona nusu tu. Cha kwako si cha jamii hiyo. Nyuzi za anga zimekisemea.

Sasa twende kwenye maana, na turudi nyuma kidogo.

EX LIBRIS ni Kilatini, "kutoka miongoni mwa vitabu vya," kisha jina linafuata. Vibandiko vya mwanzo kabisa tunavyovijua vilichapwa Ujerumani katika nusu ya pili ya karne ya 15, miaka michache tu baada ya uchapaji wa vitabu wenyewe kuanza. Kabla ya hapo, mwenye kitabu aliandika jina lake kwa mkono, na wengine waliongeza laana kwa mwizi. Kimoja cha hivyo vya mwanzo ni cha kasisi aliyeitwa Johannes Knabensberg, aliyejulikana kwa jina la utani la Igler. Picha yake ni kalunguyeye anatembea juu ya majani, ua mdomoni. Juu yake pana maneno ya Kijerumani cha zamani yanayosema, kwa Kiswahili chetu, "Hans Igler, na akubusu kalunguyeye."

Mtu wa kamusi ya alama atamkuta kalunguyeye huyo na kuanza: miiba ni ulinzi wa elimu, ua ni uzuri wa maarifa. Mimi nakuuliza tu, kalunguyeye kwa Kijerumani anaitwaje? Igel. Igler, Igel. Basi. Kasisi kachukua jina lake la utani, kalichora, kisha kamtania atakayekifungua kitabu chake: busu la miiba utalipata ukikisahau kwako. Ni fumbo la jina, na mfumbuzi wake ni yeyote anayesikia Kijerumani.

Ukishaliona hilo mara moja, utaliona kila mahali. Albrecht Dürer wa Nürnberg, mwanzoni mwa miaka ya 1500, alimchorea rafiki yake Willibald Pirckheimer kibandiko cha mbao chenye ngao mbili. Kwenye ngao ya Pirckheimer kuna mti. Mti gani? Ule ambao Wajerumani wanauita Birke, wenye gome jeupe. Birke, Pirckheimer. Ngao ya pili ni ya ukoo wa mke wake. Juu kabisa pameandikwa, kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwamba kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima. Msomi huyo hakukusudia mtu asahau kwamba lugha zote tatu anazisoma. Na kuna maneno mengine mafupi ninayoyapenda kuliko yote yaliyowahi kuchongwa kwenye kibandiko: *Sibi et amicis*. Kwa ajili yake na rafiki zake.

Kaa na maneno hayo kidogo. Tumezoea kuona kibandiko kama ukuta: hiki changu, weka chini. Cha Pirckheimer ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Anasema ni changu, na anasema unaweza kukiazima, kwa pumzi moja. Hata Hilprand Brandenburg wa Biberach, ambaye kibandiko chake cha karibu 1480 kina malaika ameshika ngao yenye ng'ombe dume, hakukitengeneza alinde vitabu vyake. Kilibandikwa ndani ya vitabu alivyowapa watawa wa Buxheim. Na huko Uingereza, kibandiko cha Nicholas Bacon cha 1574 kiliwekwa kwenye vitabu alivyokitunuku Chuo Kikuu cha Cambridge. Angalia: vibandiko vya kale vinavyosifika, vingi vinahusu kutoa na kuazima. Jina limewekwa pale ili kitabu kikitembea kijue kwao.

Zama zile, lakini, mchoraji na mwenye kisu walikuwa watu mbalimbali. Dürer alichora, kuchonga ilikuwa kazi ya fundi mwingine ambaye jina lake halikuwekwa popote. Baadaye shaba ikaishinda mbao, na kwa karne mbili na ushei vibandiko vingi vikawa ngao za koo za kitajiri, tai na simba na vilemba vya chuma, vimechongwa kwa ustadi mkubwa na kunichosha mimi kwa kiwango hichohicho. Nasema wazi, hapo sina mapenzi. Ngao inakuambia baba yake nani. Haikuambii yeye anasoma nini.

Mbao ilirudi karibu na 1900, na safari hii msanii alishika kisu mwenyewe. Mmoja wa waliochangia ni Emil Orlik, mzaliwa wa Praha, aliyekwenda Japani mwaka 1900 kujifunza uchapaji wa mbao wa huko. Jarida la Kijapani la *Myōjō* lilichapisha vibandiko vyake mwaka huohuo, na Wajapani, ambao kwa karne nyingi waliweka alama kwenye vitabu kwa mihuri, wakakiona kijikaratasi hiki na kukifanya chao. Leo vibandiko vya Japani ni ulimwengu wake: mbao ya mcheri, ubao mmoja kwa kila rangi, karatasi ikiwekwa kwenye vikato viwili vilivyochongwa ukingoni mwa ubao ili rangi ziangukie mahali pake. Ukikutana nacho, vile vipimo vyangu vya ukingo wa wino visahau. Rangi yao ni ya maji, hupakwa kwa brashi, husuguliwa kwa kidude cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi, na hunyonywa mpaka ndani ya karatasi. Cha kuangalia huko ni mgongo: picha inaonekana hafifu kwa nyuma, kama jasho kwenye shati.

Turudi kwa jogoo wako. Kwa Kijerumani jogoo ni Hahn. Kitabu chako ni cha Kijerumani. Na herufi pekee ambayo kidole gumba chako kimeiacha ni H.

Sijaliona jina, lakini ningeweka dau. Ikiwa ni Hahn, au jina lolote la ukoo lililojengwa juu yake, basi jogoo wako hana habari na ufufuo. Ni mwenye kitabu mwenyewe, amejichora. Si kwamba jogoo hana historia katika sanaa ya Kikristo. Anayo: ndiye aliyewika Petro alipomkana Yesu, na ndiye anayekaa juu ya minara ya makanisa akikesha. Ila kibandiko ni karatasi ya mtu mmoja, haikutundikwa kanisani, na kwa mtu mmoja jina lake huja mbele ya theolojia. Kanuni yangu ni hii, na imenisaidia mara nyingi kuliko vitabu vya alama: tafsiri jina kwanza. Ukikosa hapo, tafuta kazi ya mwenyewe. Daktari ataweka nyoka na fimbo, mwanamuziki ataweka ala. Ukikosa na hapo, tafuta anachokipenda. Alama za jumla ziwe za mwisho, na hata hizo zinajulikana mapema: bundi wa Athena kwa hekima, fuvu kwa kukumbushwa kifo, taa, jahazi. Zimetumika mno. Bundi mmoja ananiambia mengi. Bundi wa mia tatu ananiambia tu kwamba mwenye kitabu alimwona bundi kwenye kibandiko cha mwenzake.

Ngazi iliyoegemea vitabu mimi naiona ni ngazi, ile ya kufikia rafu za juu. Na jogoo na mwezi kwa pamoja? Jogoo huwika alfajiri, mwezi ukiwa bado haujaondoka. Nahisi ni utani wa mtu anayesoma mpaka kunakucha na kushangaa jina lake likimwambia amka wakati hajalala. Hilo nalisema kama hisia, usilinukuu kama ushahidi.

Yote haya, hata hivyo, yanaweza kuporomoka kwa kitu kimoja, na ndiyo maana nilikuomba tuanze na ubao. Kipande cha mbao cha kuchapia kiliweza kutengenezwa kiwe na kimo sawa na herufi za risasi za mchapaji, milimita 23 na kitu, ili picha na maandishi vifungwe kwenye fremu moja na kuchapwa kwa mkupuo mmoja. Faida yake kubwa. Hasara yake kwetu ni kwamba picha ingeweza kutengenezwa bila jina, ikachapwa kwa wingi na nafasi tupu chini, na mteja yeyote akachagua jogoo au jahazi kama anavyochagua kadi ya salamu, kisha jina lake likaongezwa kwa herufi za risasi. Vibandiko vya namna hiyo viliuzwa sana. Kwenye hivyo, jogoo hamjui mwenye jina hata kidogo.

Utajuaje? EX LIBRIS ina herufi I mara mbili, zote ndani ya neno la pili. Ziweke chini ya kioo. Herufi za risasi hutoka kwenye kalibu moja. I hizo mbili zitafanana kama mapacha, miguu yao sawa, unene sawa. Zilizochongwa kwa kisu hazifanani kamwe: moja itainama nywele moja, nyingine mguu wake utakuwa mfupi kwa sababu ubao ulikatika hapo. Kwenye picha yako I hizo mbili ni ndugu, si mapacha. Ya pili ni nene juu kuliko chini. Kwa hiyo maneno ya juu yamechongwa. Hiyo ni nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni kulipima jina la chini: je, mkono ni uleule? Je, nyuzi za mbao zinazopita angani zina dalili popote kwenye utepe wa jina? Je, mstari wa fremu unalizunguka jina bila kukatika? Jina likiwa ndani ya fremu ileile, kwa kisu kilekile, basi jogoo na jina walizaliwa kwenye ubao mmoja, na dau langu linasimama.

Kwenye kona ya picha yako naona pia herufi mbili ndogo zilizofungamana. Hizo ni za mchongaji, na kuwa kwake ndani ya chapa, badala ya penseli pembeni, ni dalili njema: kibandiko hiki kilifanywa kitumike. Wakusanyaji wana desturi nyingine. Wana mashirikisho yao, lile la kimataifa liitwalo FISAE lilianzishwa 1966, na wana msimbo wa mbinu unaoandikwa kwa penseli: X1 ni mchongo wa ubao wa urefu, X2 ni ule wa gogo lililokingamwa, X3 ni wa linoleamu, lile tandiko la sakafuni. Ukikuta kibandiko kina X1 chini, sahihi, na sehemu kama 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50, hicho kimechapwa kibadilishane mikono kati ya wakusanyaji, na yamkini hakijawahi kuonja gundi. Vipo vizuri sana. Ila mimi huwa najisikia kama ninayetazama kiatu kisichowahi kuvaliwa.

Chako kimevaliwa, na ndiyo sababu nimekukataza fremu. Kikiwa ndani ya jalada, kibandiko na kitabu vinashuhudiana: mtu huyu alisoma mashairi haya, toleo hili, na pengine ameacha alama ya penseli kwenye ukurasa fulani. Ukikibandua unapata picha ndogo nzuri isiyo na kwao, na kitabu chenye doa la mstatili ndani ya jalada. Halafu kuna gundi. Ile ya zamani ya wanga huachia ikipewa unyevu, lakini unyevu huohuo huivuta karatasi ya jalada, huleta mawimbi, na wino usipokuwa mzuri hutia madoa. Kama lazima kifike ukutani, kipige picha nzuri kwa mwanga wa ubavu, ukikuze mara nne, utundike hiyo. Utaona nyuzi za anga kuliko unavyoziona sasa.

Kama kona imenyanyuka, iguse kwa tone la uji wa wanga wa ngano uliopikwa, ukandamize kwa uzito kidogo usiku mmoja, na karatasi kavu katikati. Usitumie selotepu. Gundi ya selotepu hugeuka kahawia, na nimeona kibandiko cha karne ya 18 chenye mstari wa rangi ya chai uliokipita usoni moja kwa moja.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Tazama jina la chini kwa kioo, uone kama liko ndani ya fremu na kama herufi zake zina mkono uleule wa EX LIBRIS. Kisha nitumie picha nyingine, mwanga uje kutoka kushoto, na safari hii ondoa kidole gumba.